Barua Tano za Marehemu Hermani

Tarehe 30 Juni 1993, Ndugu Hermani Tluway, dereva wa kombaini namba nne, anakabidhi funguo baada ya kulitumikia Shamba la Ngano la Gidamur kwa miaka ishirini na mmoja na miezi mitatu. Kwa mujibu wa faili anastaafu akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Kwa mujibu wake mwenyewe ana miaka minane na miezi tisa, na alipoletewa fomu ya kustaafu aliuliza kwa adabu kama shirika lina kawaida ya kustaafisha watoto. Fomu ameijaza. Ila penye tarehe ya kuzaliwa ameandika tarehe mbili, na mimi niliyepewa kazi ya kuichapa upya nimeziacha zote mbili, maana nimebishana na mzee huyu juu ya jambo hilo miaka yote hii na sasa nimechoka.

Nimeombwa niandike haya kwa sababu nimekaa masijala tangu 1974 na karibu kila karatasi inayomhusu imepita mikononi mwangu. Wengine walioombwa kabla yangu walisema habari za Mzee Hermani haziingii kwenye ukurasa wa jarida la wafanyakazi. Ni kweli haziingii, lakini mhariri ameniongezea nafasi kwa kuondoa ratiba ya mpira.

Ndugu Hermani alizaliwa juu kule Mbulu, upande wa Dongobesh, katika familia ya wakulima wa mahindi na maharage. Alishuka uwandani Machi 1972 akiwa amevaa koti la baba yake, akaomba kazi ya udereva wa trekta. Alipoulizwa kama amewahi kuendesha trekta, alijibu kwamba amewahi kuendesha ng'ombe wanne wa plau, na kwamba trekta angalau halipigi teke. Alijaribiwa na kuajiriwa siku hiyo hiyo. Mwaka uliofuata alimleta mkewe Kornelia, ambaye sisi tunamwita Mama Angela, na ambaye kwa uvumilivu wake angestahili sherehe yake peke yake.

Tusidanganyane. Hermani yule wa kwanza alikuwa dereva hodari na mtu wa taabu, na chanzo cha taabu kilikuwa pombe. Faili lake lina barua tano za onyo. Kuna ya trekta lililokwenda harusini Dirma siku ya Ijumaa, likarudi Jumatatu likiwa na mbuzi amefungwa kwenye plau. Kuna ya kombaini iliyoegeshwa mbele ya kilabu Katesh siku ya mnada, ikaziba njia hadi jioni kwa sababu funguo zilikuwa mfukoni mwa mtu aliyekuwa akicheza ngoma. Ninayoipenda zaidi ni ya mwaka 1981. Hermani alisinzia juu ya usukani huku plau ikiwa chini, trekta likatoka mwisho wa bloku aliyokuwa akiilima, likavuka mpaka wa shamba na kuendelea karibu kilomita mbili mpaka mafuta yakaisha. Mfereji ule ulinyooka kuliko wowote aliowahi kuulima akiwa macho. Watu wakaugeuza njia ya miguu, na hadi leo akina mama wanaotoka mnadani husema wanapita “kwa Hermani”.

Barua ya tano iliandikwa kwa wino mwekundu kwamba ni onyo la mwisho. Ya sita ingekuwa kazi basi na nyumba ya shirika basi. Hilo naomba msomaji alikumbuke, tutalirudia.

Faili hilo hilo lina cheti kimoja. Msimu wa 1978 Hermani alilima Bloku Saba kwa siku kumi na moja badala ya kumi na tano, akatangazwa mfanyakazi bora. Siri ya kasi ile ilikuwa kwamba hakuzunguka kitu. Katikati ya bloku palikuwa na kaburi la mzee mmoja wa Kibarabaig, la wale wazee wa heshima ambao ukoo mzima huwajengea kilima cha udongo kwa miezi kadhaa. Kila dereva aliyetangulia alikizunguka kilima kile. Hermani alipita juu yake mara tatu, mpaka pakawa sawa na pengine. Mtoto wa marehemu, mfugaji aitwaye Gidahosh, alisimama pembeni na mkuki wake akampungia mkono ashuke wazungumze. Hermani hakushuka. Alimpungia na yeye kwa furaha, akaendelea na kazi. Kwa jambo hilo hakupewa barua. Alipewa cheti, na sisi wote tulipiga makofi, mimi nikiwamo, na leo naona haya kuyaandika.

Julai 1984, katikati ya mavuno, Ndugu Hermani alianguka kutoka ngazi ya kombaini akavunjika paja. Siku hiyo alikuwa hajanywa kitu, na alilalamika sana kwamba hiyo ndiyo faida ya kiasi. Alipelekwa hospitali ya Haydom, mguu ukaning'inizwa kwa kamba na uzito. Kwenye kitanda cha jirani alilazwa Mwinjilisti Marko, ambaye alikuwa ameanguka na baiskeli kwenye mteremko, naye mguu wake ulikuwa juu kwa kamba. Kwa wiki saba watu hawa wawili walitazama dari moja, na hakuna aliyeweza kumkimbia mwenzake.

Marko alizungumza juu ya kuzaliwa mara ya pili. Hermani alimjibu kwamba yeye amebatizwa tangu akiwa mchanga na jina lake ni la mtakatifu. Marko akamwambia kwamba jina lililoandikwa kwenye gunia haligeuzi pumba kuwa ngano. Kwa mtu wa shamba letu neno hilo linaingia. Akamweleza kwamba wokovu si kuongeza adabu kidogo juu ya mtu wa zamani, bali ni mtu wa zamani kufa na mwingine kuanza, na kwamba hakuna anayejizaa mwenyewe, ni kazi ya Mungu. Wiki ya sita Hermani alilia mpaka muuguzi akaja mbio akidhani kamba imekatika. Tangu siku ile ya Septemba hajaonja pombe. Hapa shambani watu walisema mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi, wakampa mwezi mmoja. Mwezi huo umekuwa miaka minane na miezi tisa.

Alirudi Oktoba akitembelea fimbo, na kabla hajasalimia vizuri aliweka barua mezani kwangu. Kichwa chake kilisema: YAH: KIFO CHA MFANYAKAZI WAKO. Aliutaarifu uongozi, kwa masikitiko kidogo na furaha nyingi, kwamba Hermani Tluway aliyeandikiwa barua tano za onyo alifariki Haydom mwezi uliopita. Yeye anayeandika ni mtu mwingine, amezaliwa juzi, hana kosa lolote. Hivyo aliomba barua zile ziondolewe, kwa kuwa si haki mtoto mchanga kuanza maisha na onyo la mwisho.

Afisa Utumishi wetu, Ndugu Felician, ni mtu wa kanuni. Kila Jumapili yuko kanisani, benchi la pili, lakini daima ameamini kwamba wokovu ni wa Jumapili na faili ni la Jumatatu. Alijibu kwa maandishi. Kama mfanyakazi amefariki, nyumba irudishwe kwa siku kumi na nne, siku zake za likizo zimefutika, buti na ovaroli zirejeshwe stoo, na mjane afike ofisini kupokea sukari kilo mbili za rambirambi. Alidhani amemaliza maneno. Kesho yake saa mbili asubuhi Kornelia alifika amejifunga kanga kichwani, akaomba sukari yake. Ndugu Felician alikuwa ameshatia saini, akampa.

Hermani naye alirejesha buti na ovaroli, akawa anakuja kazini na katambuga za tairi na lile koti la baba yake. Baada ya wiki moja aliandika barua ya kuomba ajira. Ndugu Felician, maji yakiwa yamemfika shingoni, aliamuru afanyiwe jaribio la udereva upya, na akaniagiza nifungue jalada jipya lililoandikwa H. Tluway (2). Aliniambia kwa mdomo kwamba hilo ni la kumnyamazisha tu. Barua tano zilibaki kwenye jalada la kwanza, na jalada la pili lilikuwa tupu kabisa. Hermani alifaulu jaribio, akapata alama ndogo kidogo kuliko 1972.

Kisha akaanza kushuhudia. Alishuhudia karakana, mnadani, na kwenye foleni ya maji ambako watu hawawezi kuondoka. Kila mahali neno lilikuwa moja: yule mliyemjua amekufa. Novemba akafika Dirma, kwa Gidahosh. Kornelia alikuwapo, na ndiye aliyenisimulia.

Walipokelewa vizuri, wakapewa vigoda na maziwa. Hermani alishuhudia saa nzima. Akamaliza kwa kusema kwamba mtu aliyelima kaburi la mzee hayupo tena duniani, kwa hiyo kati yao wawili hakuna neno. Gidahosh alimaliza maziwa yake taratibu, akaweka kibuyu chini.

“Kama amekufa,” akasema, “kaburi yake iko wapi?”

Hermani akageuka kumtazama Kornelia.

“Nionyeshe. Halafu na ile ya baba yangu, nionyeshe.”

Walirudi nyumbani. Kwa wiki mbili Hermani hakushuhudia popote, hata kwenye foleni ya maji, mpaka Ndugu Felician akaniuliza kama mtu wetu amekufa tena. Kornelia alianza kuogopa na kunusa vikombe. Mwisho Hermani alipanda basi kwenda Haydom kumtafuta Marko, ambaye bado alikuwa na magongo, akamwuliza kama kusamehewa kwake kulikuwa kwa kweli. Marko alimwambia kulikuwa kwa kweli kabisa, tena bure. Lakini akaongeza neno ambalo Hermani analirudia mpaka leo: wokovu unafuta hatia, haufuti jirani. Nimekaa kanisani miaka mingi, na sikumbuki mahubiri yaliyonifaa kuliko maneno hayo machache ya mtu mwenye magongo.

Februari 1985, kabla ya kupanda, Hermani alimwendea Gidahosh tena, safari hii bila ushuhuda, akamwomba amwonyeshe mahali. Waliingia Bloku Saba kwa miguu. Gidahosh alitazama bega la Mlima Hanang, akarudi nyuma, akasogea kushoto, akahesabu hatua, akasimama. Hermani akapigilia vigingi vya miti kuzunguka pale alipoonyeshwa. Kisha akalima na kupanda bloku yote, na kila alipofika pale alipinda. Watu wa ukoo wakaanza kupita, kila mmoja na udongo kidogo wa kukiinua kilima upya.

Aprili ngano ilipokuwa kijani, duara lile lilionekana hata ukiwa barabarani. Ndugu Felician aliliona akiwa kwenye pikapu, akateremka na kamba ya kupimia. Ilikuwa robo ekari kasoro kidogo. Alipofika alimkuta mtaalamu mgeni, ambaye alikuwa ametumwa kwetu mwezi huo kufanya utafiti wa udongo, amepiga magoti ndani ya duara na rula. Mtaalamu alikuwa amedhani ni kiwanja cha majaribio na tayari alikuwa na vipimo vya nyasi vya wiki tatu. Alimpongeza Ndugu Felician kwa wazo lake.

Hermani aliagizwa alilime duara kabla ya Jumatatu. Alikataa, kwa shikamoo na heshima zote, ingawa Ndugu Felician ni mdogo kwake. Ndipo ikaitishwa kamati ya nidhamu.

Mambo yalikuwa hivi. Ikiwa Hermani ni yule yule, hilo ni kosa la sita, na anaondoka na mkewe na watoto wanne, Angela akiwa kidato cha pili. Ikiwa ni mwingine, hilo ni kosa lake la kwanza. Kwa maneno mengine, Shamba la Ngano la Gidamur lilitakiwa kuamua kwa kura kama mtu anaweza kuzaliwa mara ya pili.

Mimi niliandika muhtasari wa kikao na sitarajii kuandika mwingine wa namna ile. Margwe, mwakilishi wa wafanyakazi, ambaye hana dini ya kitabu, alisema yeye haelewi mambo ya kanisa lakini jalada namba mbili lina muhuri wa ofisi, na ofisi haiwezi kufungua jalada la mtu asiyekuwapo. Fundi mkuu Patriki, ambaye ni Mkatoliki wa siku nyingi, alisema ubatizo ni mmoja na Hermani ni mmoja, ila alikubali kwamba tangu 1984 spana anazoazima zinarudi. Mwenyekiti aliuliza kanuni za utumishi zinasemaje juu ya kuzaliwa. Ndugu Felician alipekua faharasa yote, akaripoti kwamba kuzaliwa kunatajwa mara moja tu, kwenye likizo ya uzazi.

Hermani akaulizwa atathibitishaje kwamba yeye si yule. Nilitegemea ushuhuda wa saa nzima, nikachonga penseli nyingine. Alisimama, akasema hawezi kujishuhudia mwenyewe, akaketi.

Gidahosh alikuwa amekaa nje tangu asubuhi. Hakuitwa na mtu. Aliegemeza mkuki mlangoni, akaingia, akasalimia kila mmoja kwa zamu, na mwenyekiti akamruhusu aseme.

“Yule alilima kaburi ya baba, mimi namjua,” alisema. “Nilimpungia mkono, hakushuka.” Akamgeukia Hermani. “Huyu ameshuka.”

Akachukua mkuki wake akaondoka. Ndugu Felician alizipanga karatasi zake, akazipanga tena, akatoa miwani akaifuta. Kisha akaniambia, kwa sauti ya Jumatatu kabisa, nimletee jalada namba mbili. Humo aliandika mwenyewe kwa mkono: ONYO LA KWANZA, kwa kuacha robo ekari kasoro bila kulimwa. Nilitaka kumkumbatia, lakini kanuni haziruhusu.

Kuhusu duara, mtaalamu mgeni alieleza kwa uchungu kwamba likilimwa atapoteza takwimu zake zote. Kwa hiyo kwenye ramani ya shamba limo, linaitwa Kiwanja cha Majaribio 7B. Kilima kimeinuka na nyasi zinaendelea vizuri.

Tangu hapo habari za Ndugu Hermani ni za kujivunia na hazichekeshi sana. Ameendesha misimu minane bila ajali. Amefundisha madereva kumi na tisa, na wote watakueleza kwamba somo lake la kwanza si gia wala breki. Siku ya kwanza anamfundisha dereva kuzima injini, kushuka, na kumwendea mtu aliyesimama pembeni kumwuliza anataka nini. Wanafanya zoezi hilo asubuhi nzima. Wapo waliolalamika kwamba hawakuajiriwa kushuka.

Wiki iliyopita alikuja masijala kuaga majalada yake. Nilimwekea yote mawili mezani. Alileta na kile cheti cha 1978, ambacho kumbe Kornelia alikuwa amekitunza sandukuni kikiwa kwenye fremu, akakiweka juu ya barua tano katika jalada la kwanza. Akasema hicho ni cha marehemu, kikae na vitu vyake. Kisha akafungua jalada la pili, akatoa lile onyo la robo ekari, akalisoma polepole mpaka mwisho.

“Hii ndiyo yangu,” akaniambia. “Naomba niende nayo.”

Kanuni haziruhusu barua halisi kutoka ofisini. Nilichapa nakala nikaibakiza jaladani, nikampa halisi. Ndugu Felician alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, akaona kila kitu, akageuka akaangalia mvua ambayo haikuwapo. Barua hiyo sasa imo kwenye fremu ya cheti, na itatundikwa ukutani Dongobesh.

Mzee Hermani, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Gidamur, asante. Asante kwa ngano, kwa spana, na kwa kutuonyesha jambo ambalo wengi wetu tuliliimba tu. Mama Angela, asante zaidi yake, na ile sukari haidaiwi. Sherehe ni Jumatano saa nane, na Gidahosh ametuma neno kwamba atakuja na ukoo, kwa hiyo wapishi waongeze sufuria. Tunawatakia afya, mvua ya kutosha, na wajukuu wasiolala kwenye usukani. Umestaafu, lakini kwa hesabu yako mwenyewe hujafika hata darasa la tatu. Basi tunakuaga kama tunavyowajibu watoto wetu wakituamkia: Mungu akukuze.

Bernadina Qamara,
Masijala